Mamogramu yangu haikuona kitu, lakini mama alikufa kwa saratani ya titi. Je, nipime jeni?

Swali limetoka kwa dada wa miaka 37. Mama yake aligunduliwa saratani ya titi akiwa na miaka 42 na akafariki miaka mitatu baadaye. Mama yake mdogo, wa tumbo moja na marehemu, aliugua saratani ya ovari, akatibiwa, na yu hai. Msomaji amepiga mamogramu, yaani eksirei ya matiti, na ripoti inasema hakuna cha kutilia shaka, ila matiti yana tishu zilizosongamana sana, daraja D. Ameambiwa arudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Rafiki yake anamshauri anunue kipimo cha mate cha jeni. Amesoma pia kwamba siku hizi kompyuta na damu kidogo tu vinatosha kugundua saratani. Anauliza afuate lipi, na kama binti yake wa miaka 11 naye apimwe.

Dada, pole kwa msiba, na umefanya vema kuuliza sasa. Nitangulize jibu ili usisome ukiwa roho juu: hiyo mamogramu haijajibu swali lako, kipimo cha mate cha kujinunulia hakitalijibu, na mtu wa kwanza kupimwa jeni katika familia yenu ni mama yako mdogo. Wewe ufuate. Na huo mwaka mmoja au miwili usiungoje.

Kipimo hujibu kile tu kilichoulizwa. Mamogramu iliulizwa kama siku ile kuna kitu kinachoonekana, ikajibu kwamba hakionekani. Wewe unataka kujua jambo jingine kabisa: kwa damu uliyozaliwa nayo, hatari yako ni kubwa kiasi gani, na je, aina ya picha unayopigwa inatosha kwa hatari hiyo? Nimeona wengi wenye hofu kama yako wakikimbilia mashine mpya kabla ya kujua hatari yao, wakaishia na bahasha nne za picha na wasiwasi uleule.

Tuanze na familia. Saratani nyingi za titi hazirithiwi. Katika kila 100, ni kama 5 hadi 10 tu zinazotokana na hitilafu ya jeni moja iliyopokewa kwa mzazi. Bibi aliyepata saratani ya titi akiwa na miaka 75 hanitii hofu juu ya mjukuu wake. Familia yako inanitia hofu kwa mambo mawili: mama aliugua akiwa kijana, na ndugu yake wa damu akapata saratani ya ovari. Titi katika umri mdogo na ovari ndani ya ukoo mmoja ni alama ambayo daktari yeyote wa saratani hapaswi kuipita, na mara nyingi inaelekeza kwenye jeni mbili, BRCA1 na BRCA2.

Mwaka 1990 Mary-Claire King, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alionyesha kwamba katika familia zenye wagonjwa wengi wa saratani ya titi kuna jeni iliyojificha kwenye kromosomu ya 17. Wakati huo wanasayansi wengi hawakuamini kwamba ugonjwa unaowapata watu wengi hivi unaweza kufuatiliwa hadi kwenye jeni moja. Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994. BRCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 13, ikafuata mwaka 1995.

Kazi ya jeni hizi ni ukarabati. DNA ndani ya chembe za mwili hukatika mara kwa mara, na baya zaidi ni pale nyuzi zake zote mbili zinapokatika mahali pamoja. Protini za BRCA husaidia kuziunga upya bila makosa. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kwa mama. Aliyerithi nakala moja mbovu huishi salama kwa miaka mingi, maana nakala ya pili inafanya kazi. Siku chembe moja ya titi, au ya mrija wa uzazi karibu na ovari, inapoipoteza na hiyo ya pili, makosa huanza kulundikana ndani yake bila fundi. Ndiyo maana wanaozibeba huugua mapema, na ndiyo maana ni titi na ovari kwa pamoja.

Hatari yenyewe ni hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia karibu wanawake 10,000 wenye hitilafu hizo, ulikadiria kwamba kufikia miaka 80, wapatao 72 kati ya 100 wenye BRCA1 watakuwa wamepata saratani ya titi, na 69 kati ya 100 wenye BRCA2. Kwa ovari ni 44 na 17. Kwa kulinganisha, mwanamke wa kawaida Marekani ana takriban nafasi moja katika nane ya kupata saratani ya titi maishani. Hata hivyo 72 si 100, na hatari hii haiji siku moja. Imetandazwa katika miaka mingi ambayo ndani yake kuna mengi ya kufanya.

BRCA haziko peke yake. Vipimo vya sasa husoma jeni nyingi kwa mkupuo: PALB2, ambayo hatari yake si mbali sana na ya BRCA2, kisha ATM na CHEK2 zenye hatari ya wastani, na TP53 ambayo ni adimu lakini kali. Mwaka 2021 tafiti mbili kubwa, moja yao ikiwa na wanawake zaidi ya 113,000, zilichuja orodha hizo zikakuta kwamba jeni nyingi zilizokuwa zikipimwa hazina ushahidi wa kutosha kuzihusisha na saratani ya titi. Kwa hiyo orodha ndefu ya jeni kwenye tangazo isikuvutie. Jeni chache zinazoeleweka zina faida kuliko themanini zinazokuacha na maswali.

Sasa, kwa nini mama mdogo atangulie? Hapa ndipo watu hukosea zaidi, nami nakusihi upasome polepole.

Tuseme umepimwa wewe kwanza na majibu yakasema hakuna hitilafu. Utafurahi, lakini hutajua umefurahia nini. Huenda hitilafu ipo katika ukoo na wewe umeikwepa, maana kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Huenda pia ukoo una kitu ambacho kipimo hicho hakikioni, na umekirithi. Karatasi ni ileile katika hali zote mbili. Akipimwa kwanza aliyeugua, na ikapatikana hitilafu mahali fulani kwenye BRCA1 kwa mfano, maabara itakutafutia wewe mahali hapohapo. Ukiwa huna, umebaki na hatari ya kawaida ya mwanamke yeyote, na hofu ya miaka yote hiyo unaweza kuiweka chini. Ukiwa nayo, unajua unapambana na nini.

Kumwendea mama mdogo kunataka hekima, maana aliyetoka kwenye saratani hapendi kukumbushwa. Mweleze kwamba kipimo kina faida kwake yeye kwanza. Mwenye saratani ya ovari anashauriwa kupimwa BRCA hata kama ukoo wake hauna mgonjwa mwingine, kwa kuwa majibu hubadilisha tiba. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba chembe zilizokosa BRCA hutegemea njia nyingine ya ukarabati inayotumia protini iitwayo PARP, na kwamba ukiiziba njia hiyo nayo, chembe hizo hufa huku za kawaida zikinusurika. Dawa zilizozaliwa humo, kama olaparibu, leo hutumika kwa saratani ya ovari, na tangu mwaka 2021 zina ushahidi pia kwa saratani ya titi ya hatua za mwanzo yenye hatari kubwa ya kurudi, kwa mgonjwa mwenye hitilafu ya BRCA. Isitoshe, akiwa na hitilafu hiyo, matiti yake mwenyewe yanahitaji ulinzi.

Akikataa kabisa, asilazimishwe. Uliza kama hospitali iliyomtibu marehemu bado ina kile kipande cha nyama ya uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta, kwa kuwa baadhi ya maabara zinaweza kupata DNA humo, ingawa ni kazi ngumu na si kila mara inafaulu. Hilo nalo likishindikana, pimwa wewe, ila jibu la "hakuna" ulisome pamoja na mshauri wa jenetiki, na historia ya familia ibaki mezani.

Kile kipimo cha mate, je? Mate yenyewe hayana ubaya, DNA yake inatosha. Ubaya uko kwenye kinachotafutwa. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu kipimo cha kujinunulia kilichoangalia mabadiliko matatu tu ya BRCA, yale yanayoonekana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, ilhali mabadiliko yanayojulikana kuleta madhara katika jeni hizo ni maelfu. Mtu wa asili nyingine akiambiwa "hatukuona" hajaambiwa kitu. Unachohitaji ni kipimo cha kitabibu kinachosoma jeni nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na vipande vikubwa vilivyofutika au kurudiwa.

Ripoti itakapokuja, kuna mstari mmoja nataka ujiandae nao mapema: "badiliko lisilojulikana maana yake". Maana yake maabara imeona herufi moja ya DNA tofauti na ilivyotarajiwa, na hakuna ushahidi wa kusema kama inadhuru. Jibu hili huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia, kwa sababu hazina za kulinganishia zilijengwa kwa sehemu kubwa na DNA ya watu wa asili ya Ulaya. Huu ni upungufu wa sayansi, na unaniumiza, kwa sababu unamwongezea mashaka mtu aliyekuja kutafuta uhakika. Kasoro hiyohiyo ipo kwenye alama ya hatari inayojumlisha vijibadiliko vidogovidogo mamia. Iliyochapishwa mwaka 2019 ilitumia sehemu 313 za DNA, na hutabiri vizuri zaidi kwa wanawake wa asili ya Ulaya kuliko kwa wengine. Badiliko lisilojulikana lisikufanye ukatwe hata ukucha. Mengi yao, yakishachunguzwa, huhamishiwa kwenye kundi la yasiyo na madhara. Uliza tena maabara baada ya mwaka mmoja au miwili.

Tuje kwenye picha. Daraja D si ugonjwa. Ni namna titi lako lilivyoumbwa, na takriban mwanamke mmoja katika kumi yuko kundi hilo. Kwenye mamogramu, ambayo ni eksirei, mafuta huonekana meusi na tishu za tezi huonekana nyeupe. Uvimbe wa saratani nao huonekana mweupe. Titi lenye mafuta mengi humpa msomaji wa picha anga jeusi ambamo doa jeupe linajitokeza lenyewe. Kwako wewe kutafuta doa hilo ni sawa na kutafuta uzi mweupe juu ya shuka jeupe. Aliyeandika "hakuna cha kutilia shaka" hakukudanganya. Aliandika alichoweza kuona. Tishu hizo nyingi zenyewe pia huongeza hatari kiasi. Ndiyo sababu tangu Septemba 2024 vituo vyote vya mamogramu Marekani vinalazimika kumwarifu kila mwanamke kama matiti yake yamesongamana au la.

MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, inatazama kitu kingine kabisa. Uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila damu, kwa hiyo huotesha mishipa yake mipya, na mishipa hiyo hujengwa kwa haraka na huvuja. Unachomwa sindano ya dawa yenye gadolini mkononi, unalala kifudifudi, na mashine hupiga picha kabla ya dawa na dakika chache baada yake. Tishu za kawaida huinywa dawa polepole. Saratani huinywa upesi, ikang'aa, na mara nyingi huanza kuitema wakati tishu jirani bado zinainywa. Wingi wa tishu za tezi hauifichi kama unavyoificha kwenye eksirei, na hakuna mionzi.

Ushahidi wake ni mzuri. Uholanzi walifanya utafiti kwa wanawake wa miaka 50 hadi 75 wenye matiti ya daraja D ambao mamogramu zao hazikuonyesha tatizo, kama yako. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba saratani zilizojitokeza katikati, kabla ya uchunguzi uliofuata, zilikuwa 5 kwa kila wanawake 1,000 katika kundi la mamogramu pekee, na 2.5 katika kundi lililoalikwa MRI. Waliokubali kweli kupigwa MRI walikuwa na 0.8 tu. Lakini kuna gharama yake: wanawake wapatao 80 katika kila 1,000 waliopigwa MRI ya kwanza waliitwa kwa uchunguzi zaidi na hawakuwa na saratani. Siku za kungoja majibu hayo ni nzito, nawe uingie ukijua.

Mwaka 2025 Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti wa BRAID, wa wanawake zaidi ya 9,000 wenye matiti yaliyosongamana na mamogramu safi. MRI fupi ilipata saratani 17.4 kwa kila vipimo 1,000, mamogramu iliyopigwa baada ya kuchomwa dawa yenye ayodini ikapata 19.2, na ultrasaundi ya mashine inayojiendesha ikapata 4.2. Hiyo mamogramu ya dawa inanipa matumaini, kwa kuwa mashine nyingi za kisasa zinaweza kuboreshwa ziifanye, na ni rahisi kuliko MRI. Ina mionzi, na wachache hupata mzio wa dawa. Ultrasaundi ya kawaida ni nzuri sana kwa kuchunguza kitu kilichokwisha kuonekana au kuguswa, lakini kwa hatari inayofanana na yako haitoshi kuwa mlinzi peke yake.

Kwa hiyo, ukikutwa na BRCA, miongozo mingi ya kimataifa inashauri MRI kila mwaka kuanzia miaka 25 na kuongeza mamogramu kuanzia 30. Wewe tayari umepita umri huo. Usipopata jibu la jeni, daktari aingize umri, historia ya ukoo na daraja la tishu zako kwenye kikokotoo kama Tyrer-Cuzick au CanRisk. Hatari ya maisha ikifika asilimia 20, MRI ya kila mwaka inapendekezwa hata bila hitilafu ya jeni kupatikana.

Kuhusu kompyuta: habari uliyosoma ina ukweli. Sweden walijaribu akili mnemba kwenye zaidi ya wanawake 80,000, na ripoti ya mwaka 2023 ilionyesha saratani 6.1 kwa kila 1,000 zikigunduliwa kwa msaada wake, dhidi ya 5.1 kwa utaratibu wa madaktari wawili kusoma kila picha, huku kazi ya kusoma ikipungua kwa asilimia 44. Ni hatua kubwa. Ila inasoma mamogramu ileile, na kilichofunikwa na weupe kompyuta nayo hukiona kwa shida.

Damu bado haijafika hapo. Uvimbe humwaga vipande vya DNA yake kwenye damu, lakini ukiwa mdogo, yaani wakati ambao tungependa zaidi kuupata, humwaga kidogo mno. Kwa aliyekwisha ugua kipimo hiki kina kazi ya maana, kwa mfano kuonyesha mabadiliko ya jeni ya ESR1 yanayofanya saratani isisikie tena baadhi ya dawa za homoni. Kwa uchunguzi wa mtu mzima wa afya, kisichukue nafasi ya picha.

Nilisema usingoje mwaka, na sababu kubwa ni ovari. Titi tuna namna ya kulichunga. Ovari hatuna. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa wanawake zaidi ya 200,000, uliotoa majibu ya mwisho mwaka 2021, ulikuta kwamba kuchunguza kwa damu na ultrasaundi hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Kwa hiyo mwenye BRCA1 hushauriwa kuondoa ovari na mirija akiwa na miaka 35 hadi 40, baada ya kumaliza kuzaa, na mwenye BRCA2 kati ya 40 na 45. Una miaka 37. Kama unatamani mtoto mwingine, hilo ni la kuzungumza na mwenzako na daktari miezi hii. Kuondoa matiti yote mawili hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa zaidi ya asilimia 90, lakini kwa kuwa MRI ipo, huo ni uamuzi wako, na hakuna mwenye haki ya kukuharakisha wala kukucheka, uchague lolote.

Wakati haya yakiendelea, ukigusa uvimbe titini au kwapani, ukaona ngozi imevutwa ndani au chuchu inatoa damu, nenda wiki hiyohiyo. Ripoti ya mamogramu ya juzi haifuti unachokigusa leo. Utapigwa ultrasaundi na kuchukuliwa kinyama kwa sindano, na kinyama hicho kipimwe vipokezi vya homoni na HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za titi kukua, kwa kuwa bila majibu hayo tiba huchaguliwa kwa kubahatisha.

Binti yako asipimwe sasa. Saratani hizi kwa kawaida hazimpati mtoto, na hakuna tutakalomfanyia akiwa na miaka 11 kutokana na majibu hayo zaidi ya kumtwika mzigo. Asubiri awe mtu mzima aamue mwenyewe. Isipokuwa TP53, ambayo huweza kuleta saratani utotoni: ikipatikana hiyo katika ukoo, rudi tuzungumze upya juu yake. Na kama una kaka, asiachwe nje kwa kuwa ni mwanamume. Anaweza kuibeba hitilafu na kuwapa watoto wake wa kike na wa kiume, na BRCA2 humwongezea yeye mwenyewe hatari ya saratani ya tezi dume na ya titi pia. Mama mdogo akishapata majibu, kaka yako ajulishwe siku moja na wewe.